Goti la Mariam Poni

Mume wangu Yugu akishika kazi haiachi mpaka iwe safi kabisa. Watu wa Oli, mtaa wetu hapa Arua, walimsifu sana kwa hilo. Mimi niliyekuwa ninalala naye nyumba moja simsifu, na nitasema kwa nini.

Ufundi aliupata jeshini, katika karakana ya magari. Serikali ya Uganda ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa alivua sare, akavuka kwenda Zaire na mama yake na dada yake mdogo, Mariam Poni. Kule Ariwara akawa fundi wa baiskeli. Vipuri hakuna, basi anavibuni: gololi anazitoa kwenye lori bovu, mpira wa breki anaukata kwenye tairi. Huko ndiko alikonioa mimi, Eyotaru, Mlugbara wa Ajia, nikaingia katika nyumba ya Wakakwa wakaidi kupita kiasi. Mungu anisamehe, lakini ndivyo walivyokuwa.

Mkaidi nambari moja alikuwa mama mkwe wangu. Poni alipompenda mwanamume mmoja, mchuuzi wa samaki wakavu, mama alikataa kwa sababu mtu huyo hakutaka kuja kuongea na wazee. Poni akamjibu amesimama, mikono kiunoni. Huku kwetu mwanamke anamsalimu mkubwa wake akiwa amepiga magoti. Kumjibu mama namna ile ni tusi tupu. Mama hakupaza hata sauti.

"Enda," alimwambia. "Siku utanipigia magoti, hapo ndiyo utakuwa mtoto yangu tena."

Poni akaenda. Amani iliporudi kidogo sisi tulirudi Uganda, mama akakaa Koboko kwenye kiwanja cha marehemu mume wake, Yugu akafungua karakana ya kuchomelea vyuma hapa Oli. Miaka ikapita, mama na binti hawasalimiani. Kisha yule mchuuzi akamwacha Poni akaoa mwingine, na Poni akafunga mizigo yake kwenda Koboko kuomba msamaha. Ilikuwa tisini na sita, wakati wa vita vya msituni, barabara zimetegwa. Pikapu aliyopanda ilikanyaga bomu. Hospitali ya Arua walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Mtu alikuwa anakwenda kupiga magoti, na goti lenyewe ndilo lililoondoka. Nililia siku ile, na hata sasa nikilisema ninaona uchungu.

Alipotoka hospitali alikaa kwetu. Wakati ule shirika moja lilikuwa linaleta miguu ya bandia, na fundi wao, kijana mpole anaitwa Enoch, alimpimia Poni mguu wa plastiki. Mguu mzuri, mwepesi, unaoshwa kwa maji na sabuni. Gotini ulikuwa na komeo: ukilifunga unatembea, ukilifungua unakaa kwenye kiti. Lakini kupiga magoti hapana. Komeo likifunguka, goti linakunjika mara moja, na mwenye mguu yuko chini. Poni alijaribu karakanani mbele ya wateja, akaanguka kifudifudi, kanga ikamfunuka. Aibu aliyoiona siku hiyo kaka yake hakuisahau.

Mimi nilimwambia, "Wifi, enda hivyohivyo. Yule ni mama yako, si hakimu."

"Nikisimama mbele yake," alinijibu, "ataona bado mimi iko na kiburi."

Na mama kuja Arua hakuweza. Miguu yake ilikuwa imevimba, barabara yenyewe inatisha. Basi Yugu akasema atatengeneza goti linalojua kushuka.

Kusema kweli, akili alikuwa nayo. Aliyeyusha masufuria ya zamani, akapata alumini ya kutosha. Kwenye kiungo aliweka beringi za baiskeli ili lisikwaruze. Na ndani, hapo ndipo palipokuwa na maarifa, aliweka shokapu ya pikipiki, lile bomba la mafuta la kupunguza mshtuko, akaikata ikawa fupi. Mafuta yanapita kwenye tundu dogo, hayawezi kupita kwa haraka, basi goti nalo linashuka polepole, kama mtu mzima anayejua anachofanya. Poni alilivaa, akashika meza, akashuka mpaka chini bila kuanguka. Akabaki pale sakafuni akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Zaire.

Nilidhani kesho yake tungepanda gari kwenda Koboko. Masikini mimi.

Enoch alikuja kuliona goti akafurahi mno. Siku nyingine akamletea Yugu gazeti la mafundi wenzake lenye picha za miguu ya Ulaya: miguu ya nyuzi nyeusi zilizogandishwa kwa gundi, migumu kuliko chuma na myepesi kuliko mbao, na magoti yenye mafuta ndani. "Ona, hii yako inafanana na yao," alimwambia. Alimaanisha kumsifu. Lakini Yugu alizitazama zile picha, akalitazama goti lake, akaliona takataka.

Tangu hapo akawa ni mtu wa bado. Lilikuwa zito, akalipunguza. Alipolipunguza likaanza kulia, kri, kri, kila Poni anaposhuka, na mafuta yakatoka kidogo yakachafua nguo. Akalifungua tena. Kila nikiuliza, goti liko mezani vipandevipande.

"Yugu, mtoto wa watu anangoja."

"Bado iko na makosa."

"Makosa gani? Anashuka, anapanda."

"Linalia. Unataka apige magoti mbele ya mama na goti linalia kama mlango mbovu?"

Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa. Enoch naye alimwambia goti linatosha, amwache dada yake aende. Hakusikia. Nilijua anaogopa Poni asianguke tena, tena mbele ya mama. Lakini nilijua pia kwamba amelipenda lile goti lenyewe, na hilo ndilo lililonichoma.

Kisha Viktoria, jirani aliyekuwa anamwangalia mama kule Koboko, akatuma dereva aseme mama hali chakula. Poni akamfuata Yugu karakanani. "Kaka, hata kama inalia, nipe. Nitaenda nayo hivyo."

"Ijumaa," Yugu alisema. "Ninangoja mpira moja tu ya kuzuia mafuta. Ijumaa tunaenda wote."

Mpira ulifika Alhamisi. Aliufunga, goti likashuka kimya, hakuna tone la mafuta. Kazi safi kabisa, hata mimi niliona. Ijumaa alfajiri tulikuwa stendi, na tulipofika Koboko tulikuta watu wamekaa uani kwenye mikeka na Viktoria anakuja kutupokea, kitambaa mdomoni. Mama alikuwa ameondoka usiku.

Walipokwisha kumzika, Viktoria alituingiza chumbani mwa mama. Kando ya kitanda palikuwa na kiti kipya cha mbao, kirefu, chenye mikono ya kushikia.

"Aliita seremala tangu mwaka jana, aliposikia habari ya mguu," Viktoria alisema. "Hakuna mutu alikubaliwa kukaa hapo. Alisema, hii ni ya Poni, mutu ya mguu moja atapiga magoti namna gani."

"Na mbona hakutuma neno?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nilimwambia atume. Alisema maneno ya magoti ni yeye alisema, ataona haya kuyarudisha kwa mdomo ya mutu mwingine. Alisema Poni atakuja tu, atakiona kiti."

Poni alikwenda akakaa. Kiti kikayumba chini yake, tak, tak, kwa sababu seremala alikuwa amekata mguu mmoja mfupi. Yugu alipiga goti sakafuni, akautazama ule mguu, akaupima kwa kidole. Akaokota kipande cha ubao, akatoa kisu mfukoni.

"Kaka," Poni alisema, "hii usitengeneze."

Yugu akabaki palepale chini na kisu chake, analia, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nikainama nikakitoa kisu mkononi mwake.