Kilo Hamsini na Nane kwenye Kiti cha Dereva

Haya ninayoandika hamtayaamini, wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe nisingeyaamini kama nisingeyaona kwa macho yangu mawili, na moja kati ya hayo ni zima kabisa.

Ni habari za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kinyozi. Mkono wake mwepesi, mwili wake mzito: kilo tisini na mbili, na tumbo linamtangulia kazini. Magari hayajui. Mwenye gari alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa dereva wa maabara. Kutwa alizungusha chupa za damu kutoka zahanati hii hadi ile, kwa gari la kazini ambalo hata baiskeli zilikuwa zikilipigia kengele lipishe. Nadhani ndiyo maana akajinunulia chombo chake, chekundu, cha milango miwili, mtumba wa mtumba, kimelala chini kama paka anayevizia panya. Kila Jumapili alikipeleka kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ambako wanapanga koni za barabarani, wanazizunguka kwa gari na kushindana na saa. Mumewe hukaa pembeni, kashika mpini wa juu ya mlango, macho kayafumba.

"Fumbua macho, mume wangu," mke humwambia. "Hapa hazitui ndege tena."

Mwembamba mwanamke yule, kilo hamsini na nane, na hakuna aliyewahi kumshinda ila mimi, siku moja ambayo kwa bahati mbaya hapakuwa na shahidi.

Shokapu za gari lile zilikuwa zimekwisha. Likiingia shimoni linadunda mara tatu ndipo litulie. Miaka miwili mke aliweka akiba ya kuzibadilisha, na miaka hiyo hiyo miwili walibishana. Yeye alitaka ngumu, zile zenye ringi unazozungusha kwa spana gari likapanda au kushuka. Mume alitaka laini, kwa ajili ya mgongo wake. Kinyozi anasimama kutwa. Hawakupatana. Mwezi wa pili ikapelekwa maabara damu ya mke mwenyewe. Mwezi wa sita tukamzika.

Siku moja mpwa akaja kwangu. "Mjomba, twende tukanunue shokapu."

"Za nini? Liuze."

"Nataka niliweke alivyotaka yeye. Kisha niliendeshe mwenyewe uwanjani, nizunguke koni zake. Mara moja tu. Nikishazunguka, nitajua kama ni la kuuza au la kukaa nalo."

Akiba ya marehemu haikutosha kununua mpya za maana. Muuzaji akatutandikia alizonazo: springi fupi peke yake, ambazo zingelishusha gari lakini shokapu zibaki zile zile mbovu, seti mpya ya shokapu za ringi, bei nafuu, jina lake muuzaji mwenyewe alilisoma kwa kukwama, na seti ya mtumba, ya ringi vilevile, ya kampuni inayoaminika, imetolewa kwenye gari lililogongwa ubavuni. Mimi, niliyefundisha nusu ya mafundi wa mji huu (nusu nyingine hawakufundishika), nikashauri njia yangu: "Kata springi zilizopo kwa msumeno. Hutoi hata senti."

"Alisema atakayekata springi zake atamkata masikio."

"Alinitaja?"

"Alikutaja wa kwanza."

Basi akachuchumaa kwenye ile mitumba. Akapitisha kidole kwenye kila shokapu, vile anavyokipitisha shingoni mwa mteja kutafuta unywele uliobaki. Ya tatu ikamwachia mafuta. "Hii inavuja, imekufa. Nitafutie mwenzake." Muuzaji akaguna, akaingia stoo, akaileta nyingine.

"Umejifunza wapi wewe?" nikamuuliza.

"Mjomba, miaka miwili nimelala na habari hizi."

Akachukua mtumba huo na bushi mpya za mpira za kuzifungia. Shokapu ngumu kama mbao, adui wa mgongo wake.

Tukalipeleka gari kwa fundi wa springi Jumapili asubuhi, kwa kuwa uwanja hufunguliwa saa nane mchana. Fundi huyo ni mama wa makamo ndani ya ovaroli, maneno yake anayatoa kwa kijiko. Alipomaliza kuzifunga akaliegesha juu ya mizani minne, kila tairi na mzani wake.

"Gari dogo namna hii halipimwi tupu," akasema. "Linapimwa na watu wake ndani. Dereva kilo ngapi?"

Mpwa akakitazama kiti cha dereva. "Hamsini na nane."

Fundi akamtazama kutoka utosini hadi viatuni. Na mimi, na domo langu hili, nikadakia: "Hamsini na nane alikuwa nazo siku anazaliwa!" Nikacheka peke yangu. Nilipoona nacheka peke yangu ndipo nikaelewa.

Fundi hakuuliza tena. Akaleta mfuko wa saruji wa kilo hamsini, akaongeza ndoo yenye nati za kilo nane. Akauketisha mfuko kwenye kiti cha dereva, ndoo akaibana kando yake. Mfuko ukaanza kuinama. Mpwa akavuta mkanda, akaufunga, akaupangusa vumbi begani. Mfuko wa saruji hauna bega, najua. Lakini palikuwa begani.

"Na abiria?" fundi akauliza.

"Abiria mimi, mama."

Akaingia upande wake. Fundi akalala chini, akizungusha ringi, akiinuka kusoma mizani, akirudi chini. Ilipita nusu saa na ushee. Nikachungulia dirishani nimpelekee utani. Mpwa wangu kafumba macho, mkono umeushika mpini wa juu ya mlango. Na gari limesimama. Utani nikaumeza.

"Tayari," fundi akasema. "Lakini ukiendesha wewe, litalalia upande wako, na konani litakusumbua. Nikupime wewe?"

"Liache hivyo."

"Ukibadili mawazo, uje na mwili wako."

"Liache hivyo, mama."

Tukautoa mfuko, mimi na fundi. Vumbi la saruji likabaki kitini. Nikataka kulifuta, mpwa akanishika mkono, akakaa juu yake hivyo hivyo, na suruali yake ya Jumapili. Gari likainama kidogo upande wa dereva.

Sasa naandika nikiwa kwenye kiti chake cha kunyolea, daftari magotini, yeye nyuma yangu na mashine, macho yake karibu na daftari, kwa hiyo naharakisha. Basi wasomaji wangu, akawasha! Tukatoka gereji kama risasi, mimi pembeni yake bila hata kushika kitu. Uwanjani, kilomita mia na sabini, koni ya kwanza, ya pili, watu wamepanda juu ya mapaa kutuona, naye anacheka, haki ya Mungu anacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na saa ikaonyesha ameipita rekodi ya mkewe kwa sekunde

"Mjomba."

"Nini?"

"Hatukutoka hata kwenye geti la gereji."