Mwanamke Chini ya Paa

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Kabuku, na sipunguzi neno ili nikupendeze.

Nilikuwa najifunza Kijapani Korogwe. Tulikuwa darasa dogo la wasichana tuliotaka kwenda Japani kuhudumia wazee. Kuongea hakukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni kanji, zile herufi ambazo kila moja ina maana yake. Wiki ile mwalimu alituandikia moja inayosomwa “an”: 安. Juu unachora paa, nukta na mistari miwili ya kufunika. Chini ya paa unamchora mwanamke, mistari miwili inayopishana kama miguu iliyokunjwa, na mmoja unaokatiza juu yake.

“Mwanamke akiwa ndani ya nyumba,” akasema mwalimu, “hiyo ndiyo amani.” Kisha akacheka, akaongeza kwamba herufi hiyohiyo ndiyo inayotumika kuandika kitu cha bei rahisi.

Darasa zima likacheka. Mimi nilitamani kumrushia kalamu. Dada yangu Mwanaidi si alikuwa na paa? Aliolewa Kwaluguru, akazikwa Kwaluguru, na mumewe akatuambia aliteleza kisimani. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Niliiona shingo yake. Nilipofungua mdomo, wajomba zangu wakaniambia ninyamaze, ni kazi ya Mungu. Wakaamua pia kwamba mwanawe Tatu, mtoto wa kubebwa mgongoni, abaki kwa baba yake. Hivi wewe ungelala usingizi?

Ijumaa nikapanda basi kwenda kumdai mtoto. Niliposhuka Kabuku, kijiwe cha bodaboda kilikuwa kitupu, madereva wamekwenda kuswali. Nikakaa kwenye benchi lao, nikaokota kijiti, nikaanza kuiandika ile herufi vumbini, kwa hasira tu.

“Mbona unamwingiza ndani kabla hujauliza ndani kuna nani?”

Mama mmoja alikuwa amekaa kando yangu. Sikumsikia akija. Alivaa kanga, uso wake wa kawaida kabisa, wala usisubiri nikusimulie habari za kwato. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akainama, akapitisha kidole kwenye vumbi na, niamini, vumbi halikusogea. Akajaribu tena. Halikusogea.

Basi akanishika mkono wa kulia. Wake ulikuwa wa baridi, pamoja na jua lile lote la utosi. Akauongoza wangu taratibu, paa kwanza, halafu mwanamke. Wiki nzima sikuwahi kuiandika vizuri vile. Ila mwanamke yule wa vumbini hakuwa amekaa. Alikuwa amelala, miguu imekunjwa vibaya.

“Sasa unajua,” akasema.

Pikipiki ikanguruma nyuma yangu, nikageuka. Niliporudisha macho, nilikuwa peke yangu kwenye benchi. Nikapanda hiyo pikipiki, wala sikurudi Korogwe.

Kwaluguru nilimkuta shemeji kibarazani, na mama yake akipepeta mahindi.

“Karibu, shemeji.”

“Nimemfuata Tatu.”

“Tatu ana kwao. Wakubwa walishasema.”

Nilitaka kumjibu. Badala yake mkono wangu ukaokota kipande cha mkaa kando ya jiko na kwenda ukutani. Sikuutuma, wallahi. Ukachora paa. Ukamchora mwanamke, amelala.

Shemeji, mtu ambaye hata jina lake analiandika kwa taabu, akasimama ghafla.

“Futa!”

“Nifute nini?”

“Mfute mama Tatu! Nani kakwambia alilala hivyo? Mlango ulikuwa umefungwa!”

Ungo ukamponyoka mama yake, mahindi yakamwagika. “Wewe si ulituambia kisimani?” akamuuliza mwanawe. Yule bibi akaingia ndani, akatoka na Tatu akiwa bado na usingizi, akamweka mikononi mwangu. “Nenda naye, mwanangu. Nenda upesi.”

Nikaenda moja kwa moja polisi. Bibi naye aliitwa, na akayarudia maneno ya mwanawe mbele ya watu bila kupepesa macho. Lakini wajomba zangu, damu yangu mwenyewe, walikuja kuniambia tusiaibishane, mambo yaishe nyumbani. Wakati wao wanabembelezana na ndugu zake, shemeji akatoroka. Hajaonekana mpaka leo. Wajomba nao siwaamkii tena, na wasinitegemee kwenye misiba yao.

Mkono wangu wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Nikijaribu kuandika kanji yoyote yenye paa, kalamu inaanguka. Japani sikwenda. Tatu yuko nami.

Na yule mama wa Kabuku, awe jini, awe mzimu, siwezi kumshukuru. Kama alijua yote, alikuwa wapi siku mlango ulipofungwa? Alimngoja nani?

Nawe unayenisoma, kama una dada au binti aliyeolewa mbali, usiridhike na salamu za simu eti ametulia kwake. Panda gari uende. Ukikaribishwa kiti kibarazani, usikae. Ingia mpaka ndani, umfunue kanga shingoni, utazame.