Mgeni wa Ijumaa Saa Saba

Sikusomeshwa na mtu. Nalisema hili mwanzo kwa sababu wapo wanaodhani nilirudi Unguja na bahati, na mimi nilirudi na stashahada. Miaka sita nilikosha vyombo Ulaya, katika jiko la mkahawa, mikono ikababuka kwa sabuni, na kila jioni nikaenda darasani kusomea usimamizi wa tovuti. Nilitoka wa pili. Wa kwanza alikuwa kazaliwa hukohuko na hajawahi kukosha hata kikombe. Niliporudi, niliipeleka stashahada kwa seremala wa Darajani akaitilia fremu ya mninga, nikaitundika ofisini juu ya meza yangu, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kuikwepa.

Ofisi iko ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, Mji Mkongwe. Inawasaidia wanawake katika mambo ya sheria: talaka, matunzo ya watoto, mirathi. Mkurugenzi ni mwanasheria, mwanamke wa maneno machache, na sote tunamwita Bi Mkubwa. Mapokezi anakaa mama mmoja wa makamo mwenye ulimi wa pilipili, aliyekuwapo kabla kompyuta ya kwanza haijapandishwa ngazi zile. Walinikabidhi tovuti pamoja na nywila zake zote. Niliikuta imelala. Hakuna aliyejua wanaingia wangapi, wanatoka wapi, wanasoma nini.

Niliiamsha kwa siku tatu, na sidhani kama kuna mwingine kisiwani ambaye angeimaliza kazi ile kwa wiki mbili. Niliweka programu ya kuhesabu wageni. Kila anayefungua tovuti anabandikwa alama ndogo ndani ya simu yake; yeye haioni, lakini akirudi kesho mashine inasema: huyu ni yule wa jana. Niliweka ukurasa wa kumuuliza mgeni eneo lake, ili aelekezwe kwa msaidizi wa sheria wa karibu, na jibu lake nikaliunganisha na ile alama. Mwisho nikafika kwenye mpangilio mmoja ulioniuliza kama nataka matangazo yetu yamfuate mgeni baada ya kuondoka. Maana yake, mtu akisoma kwetu habari za khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurejesha mahari, kisha akaenda kutazama mpira au bei za nguo, tangazo letu litamtokea hukohuko limkumbushe kurudi. Kule nilikosoma kila tovuti hufanya hivyo. Kule hata mtoto wa darasa la tano ana simu yake na nywila yake. Nikauwasha.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliuliza swali moja tu.

"Anayesoma anajulikana?"

"Jina halionekani, Bi Mkubwa. Ni alama tu."

"Sawa," akasema, lakini hakuondoka. Alibaki akiitazama skrini kama mtu anayetazama kisima kisicho na mfuniko.

Wageni waliongezeka, na mimi nikaongezeka pamoja nao. Jioni, barazani penye kahawa, niliwaeleza watu kazi yangu. Niliwaambia kwamba mimi najua nani anabisha hodi kabla mkono wake haujaufikia mlango. Walicheka, lakini waliniamini, na mtu akiaminiwa hupenda kuongeza. Niliongeza.

Ijumaa moja nilimwita mama wa mapokezi aje aone.

"Tazama, mama. Huyu ni wa Mkokotoni. Anaingia Ijumaa tu, saa saba, wanaume wakiwa msikitini. Anasoma ukurasa wa khului dakika kumi na mbili, anatoka. Leo ni Ijumaa ya nne."

"Na kanga aliyovaa?"

"Hiyo siioni."

"Utaiona, Bwana Stashahada. Kwa unavyochungulia, utaiona tu." Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akakisogelea kioo cha kompyuta. "Lakini mtu anayengoja mume aende msikitini ndiyo ashike simu, basi simu hiyo si yake."

Nililisikia neno lile vizuri kabisa. Sikulifanyia kazi.

Ilikuwa Jumanne, Bi Mkubwa yuko mahakamani, alipoingia mwanamume mmoja wa miaka kama arubaini. Kanzu safi, kofia ya kazi ya mkono, sauti ya chini. Alitoa salamu, akaulizia afya zetu na za wazee wetu, kisha akauliza yuko wapi yule kijana wa kompyuta aliyetoka Ulaya. Moyo wangu ulifurahi. Nikamwambia ndiye mimi, nikamkaribisha kiti.

"Mimi natoka Mkokotoni," akasema. "Nnafanya biashara ya dagaa. Kila nikifungua simu kusoma habari za mpira, tangazo lenu linanitokea. 'Umechoka na ndoa? Zijue haki zako.' Mara ya kwanza nlicheka. Mara ya kumi sikucheka."

Mama wa mapokezi aliacha kupanga mafaili.

"Nikawauliza wenzangu kijiweni: na nyinyi linawatokea? Hakuna hata mmoja. Nikaambiwa matangazo haya humfuata aliyeyaanza. Sasa nyumbani kwangu simu ni moja, na wanawake ni wawili: mama yangu na mke wangu. Nimewauliza wote pamoja. Mama akawahi kujibu. Kasema ni yeye, eti alikuwa akitafuta habari za mirathi ya marehemu baba." Alitabasamu kidogo. "Mama yangu Kurani kaihitimu tangu mdogo. Lakini herufi hizi zenu hazijui hata moja. Asiyejua kusoma anasomaje?"

Akaegemea meza yangu.

"Wewe nimeambiwa unaona kila kitu. Imesemwa barazani, hapa mjini. Basi niambie ni nani. Sitaki ugomvi. Nataka nijue tu pa kuanzia."

Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi. Mbele yangu, katika skrini ambayo yeye alikuwa akiiona mgongo tu, ilikuwapo ile alama ya Mkokotoni na Ijumaa zake zote. Ilitosha kumwambia siku na saa. Siku na saa zingetosha yeye kujua nani alikuwa na simu. Niliona pia kwamba nisipompa kitu ataondoka na jibu lake, maana jibu alikuwa nalo tangu Mkokotoni. Alichokosa ni shahidi.

"Ukurasa wetu unasema," nikamwambia.

"Unasema vipi?"

"Kwa sauti. Tunawajali wasiojua kusoma. Mtu anagusa, anasikiliza."

"Sikuisikia mimi sauti."

"Uliliona tangazo. Ukurasa wenyewe uliufungua?"

Akafikiri. "Sikuufungua. Sikutaka." Kisha akasogeza kiti. "Nionyeshe hapa."

Niliifunga kwanza ile alama ya Mkokotoni, nikamgeuzia skrini. Nilimfungulia majedwali, mistari inayopanda na kushuka, maduara yenye rangi, nikampa maneno ya kitaalamu mfululizo kama nilivyofundishwa kuwapa wakaguzi. Nikamwambia mashine hii ni ya fundi, inaonyesha nyuma ya duka. Sauti iko mbele, kwa wateja, kwenye simu. "Simu yako unayo?"

"Nimeifungia kabatini, isije ikafutwa kitu. Ufunguo huu hapa." Akaugusa mfuko wa kanzu. "Nnarudi nyumbani sasa hivi. Nitamwekea mama simu mkononi, nimwambie anionyeshe alivyofanya."

Aliaga kwa adabu ileile. Nyayo zake zilishuka ngazi moja moja, bila haraka.

Mama wa mapokezi aliniangalia. "Ukurasa unasema tangu lini?"

"Tangu saa moja ijayo."

"Wee mtoto!"

"Kutoka hapa mpaka kwake hapungui saa moja. Funga dirisha, mama. Wewe utasoma, mimi nitarekodi."

Sijapata kufanya kazi kama ile, na walionifundisha wangeiona wangesimama. Mama alisoma ukurasa wa khului, kisha wa mirathi, kwa simu yangu, vespa zikipita chini na sauti yake ikitetemeka. Mara mbili tulikata kwa sababu ya muuza maji. Tatizo kubwa nililigundua nusu ya kazi: yule bibi, mama yake, mwenyewe hajui kama kuna sauti. Hakuna wa kumwambia. Simu iko kabatini. Ataulizwa aguse, na hajui aguse wapi. Kitufe hakitamsaidia mtu asiyejua kama kipo. Basi sikuweka kitufe. Niliufanya ukurasa mzima uwe kitufe. Popote atakapogusa, juu, chini, kwenye picha, kwenye nafasi tupu, sauti itoke. Kisha nikaizima ile swichi ya matangazo yanayofuata watu.

Baada ya hapo tulikaa, tukaitazama skrini inayoonyesha wageni walio ndani wakati huohuo. Mama alikuwa akivuta uradi. Ilipita adhuhuri. Chai ilipoa. Walikuja wageni wawili wa mjini wakatoka.

Kisha ile alama ya Mkokotoni ikawaka.

Ukurasa wa mwanzo. Ukurasa wa khului. Ikasimama. Nilikuwa nahesabu kwa midomo, na nilijua kwamba katika chumba fulani watu watatu wamekaa, na mmoja ameshikishwa simu asiyoijua. Sekunde arubaini hakuna kilichoguswa. Hamsini.

"Gusa, bibi," mama wa mapokezi akasema. "Gusa tu, mama yangu."

Ikaguswa. Mashine iliandika kwamba sauti imeanza. Haikukatwa. Ilikwenda dakika tisa, mpaka neno la mwisho. Halafu ukurasa wa mirathi ukafunguliwa, ukaguswa mara moja, sauti ikaanza, na katikati yake alama ikazimika.

Bi Mkubwa alitukuta vilevile, hatujainuka. Nilimweleza yote, na la barazani sikulificha. Hakunigombeza. Aliuliza, "Umemwona aliyegusa?"

"Nimeona imeguswa."

"Na nani?"

"Sijui, Bi Mkubwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya kompyuta. Akaniambia nifute kila alama na nizime kila nilichowasha, isipokuwa ile sauti. Nilifuta ukurasa kwa ukurasa, kazi ya siku tatu na hesabu za miezi, mpaka majedwali yakabaki mistari mitupu. Sitasema haikuniuma. Nilikuwa nimeijenga vizuri.

Kule kijijini Bi Mkubwa alikuwa na mtu wake, mwanamke anayeuza viazi vikuu sokoni Mkokotoni, ambaye zamani alisaidiwa na ofisi. Baada ya wiki moja akaja na kapu lake. Alikuwa amemwona yule bibi, wakazungumza wakichagua viazi.

"Mke yupo," akatuambia. "Hajaguswa. Lakini hatoki, hata kisimani haendi peke yake. Bibi kasema niwaambie hivi: sauti ni nzuri, imemwokoa siku ile. Ila mwanawe hajaamini. Kila baada ya alasiri anaweka simu katikati ya mkeka, anaifungua ile sauti, anaisikiliza yote mpaka mwisho. Hasemi neno. Anawatazama nyuso."

Niliivuta kompyuta.

"Tuitoe," nikasema.

"Ukiitoa leo, atajua iliwekwa kwa ajili yake," Bi Mkubwa akajibu.

Mama wa mapokezi alikuwa akikisukuma kiazi kimoja huku na huku kwa kidole. "Isitolewe. Mkewe si anaisikia? Masharti, karatasi, aende kwa nani, aseme nini. Kila siku mumewe mwenyewe anamsomea." Akainua uso. "Ila siku ile nlisoma mbio, nlikuwa naogopa. Lile la mwisho nimelimeza. Nataka nirudie."

"Akitambua imebadilika?"

"Basi nitalirudia hilo la mwisho tu. Sauti ileile, hofu ileile. Hofu ninayo bado."

Bi Mkubwa akakubali kwa kichwa. Tulifunga dirisha. Mama alisogeza midomo karibu na simu, akasoma polepole, kama anayesema na mtu aliye upande wa pili wa ukuta: "Kama huna cheti cha ndoa, kama huna nauli, kama huna wa kufuatana naye, njoo hivyohivyo. Ofisi iko wazi hata Ijumaa, wakati wa sala."

Niliipandisha sauti mpya mchana uleule. Skrini haikunionyesha aliyeisikia, maana nilikuwa nimezima kila kitu. Ijumaa mbili zimeshapita. Ikifika saa saba, wanaume wameingia msikitini na njia ni kimya, mama wa mapokezi hushuka kuuacha mlango wa chini wazi mpaka alasiri, na nyayo zikisikika ngazini sote watatu tunaacha tunachofanya. Bado hatujui kama zitakuwa za yule mke au za mumewe.