Bibi na Gari la Vitanda

Kisa hiki sikusimuliwa. Nimekiona mwenyewe juu ya uzio wangu hapa Guildford, Sydney, na kwa kuchungulia hakuna anayeniweza mtaa mzima.

Jirani yangu Mkongo alikodi gari lenye vitanda na jiko ndani, aipeleke familia jangwani, likizo yao ya kwanza tangu waje Sydney. Wakapakia magodoro, sufuria na madumu ya maji. Mama yake mzee, aliyekimbia vita kwao, akatoka amevaa vitenge vyake vyote, kimoja juu ya kingine, vyeti kavifunga kifuani.

"Mwanangu, nani anatufukuza tena?"

"Hakuna, Mama. Ni vakanse tu, mapumziko. Tunaenda kuona jangwa."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

"Tunaacha nyumba twende pasipo kitu, halafu unasema hatukimbii?"

Wajukuu wakacheka, wakamjibu kwa Kiingereza asichokijua. Jirani akaketi kwenye ngazi ya gari, kichwa mikononi. Bibi akampapasa bega.

"Usilie. Tulishazoea."

Mwishowe akapanda, akapunga mkono dirishani akitabasamu.

Ndio sisi hao, wasomaji: likizo na kukimbia tunavipakia vilevile.

Yote ni kweli tupu, ila tabasamu nimelitia mimi. Mkono alipunga kweli. Alikuwa anaiaga nyumba.