Kufuli Ambalo Kaka Hakulifunga

Ofisini waliitwa Mkubwa na Mdogo, kaka na dada waliokaa meza moja miaka tisa wakigombania soketi ya umeme. Mkubwa ndiye aliyemfundisha Mdogo kuandika draiva, zile programu zinazowezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na vifaa vyake.

Draiva yao ya kadi ya mtandao ilitumika kwenye mashine zenye prosesa nyingi, zile bongo za kompyuta zinazofanya hesabu, na prosesa yoyote iliweza kuzimwa au kurudishwa huku mashine ikichapa kazi. Kwa hiyo kabla ya kuzihesabu na kuzigawia kazi, programu lazima ifunge kufuli, yaani amri ya kuzuia kuzimwa kwa muda, prosesa isije ikaondoka katikati ya hesabu. Mkubwa alisahau kulifunga.

Mdogo aliliona kosa alipopewa kazi hiyo kuikagua. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa akiwavunja wenzao mbavu kwa kuiga sauti ya bosi, akaona haya kumkosoa mbele za watu. Nitamwambia baadaye, alijisemea, akaidhinisha. Kazi zikamzonga, akasahau.

Wiki ya tatu, mashine za mteja zilikwama mchana kweupe. Prosesa moja ilikuwa imezimwa, draiva ikaipelekea kazi kana kwamba bado ipo. Mkubwa akaitwa kwa bosi, akatoka na barua ya kufukuzwa.

"Wewe ndiye uliyekagua," alimwambia dada yake taratibu. "Uliona?"

Mdogo angeweza kudanganya. "Niliona, kaka."

"Sasa mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Nilikustahi."

Mkubwa alicheka kicheko kikavu. "Umenistahi mpaka umenimaliza." Akachukua koti lake, akaenda zake.

Marekebisho akapewa Mdogo. Yalikuwa mistari michache tu, hata chai yake haikupoa. Siku nzima akazima na kurudisha prosesa mara elfu, mashine haikutetereka. Kisha akaenda kwa bosi kukiri kwamba aliliona kosa akalinyamazia.

"Nimekusikia," bosi alisema. "Lakini yeye harudi."

Jioni akampigia simu mke wa kaka yake. "Wifi, naomba niongee naye."

"Yupo hapa. Anatikisa kichwa."

"Mwambie nimekiri kwa bosi."

"Amesikia, wifi. Ameinuka, ametoka nje."

Hakuna aliyekata simu. Walikaa hivyo, kila mmoja akimsikia mwenzake akivuta kamasi.