Siku Dada Alipokula Firigisi

Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho alihitimu chuo hapa Mbeya, nasi tukamfanyia sherehe nyumbani kwangu Uyole. Tulifunga turubai uani na kukodi viti, na mpishi akaja na masufuria yake tangu asubuhi. Malori yalikuwa yakipanda barabara kuu kwa kelele nyingi, hata mshereheshaji ikambidi kila mara anyamaze yapite ndipo amalizie utani wake. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee, tulimweka kiti cha mbele. Alivaa hereni kubwa alizonunuliwa na dada yangu kwa ajili ya siku hiyo.

Kijana wa mpishi akamjia na sahani. "Bibi, onja na hizi. Firigisi za kukaanga na hoho, laini kabisa."

Sahani ilikuwa imejaa firigisi tupu, zimerundikwa kama karanga. Mama aliitazama. Kisha nikaona mkono wake unakwenda sikioni taratibu, vidole vinatafuta kishikizo cha hereni ili kuifungua.

Wageni hawakuona kitu hapo. Lakini mimi na dada tulitazamana juu ya vichwa vya watu, na kwa muda ule sikuwa Uyole tena. Nilikuwa Kilolo, kilimani kwetu mkoani Iringa, kwenye uwanja wa nyumba yetu, na harufu ya manyoya ya jogoo yanayoungua ilikuwa puani mwangu.

Kama ulikulia upande ule unakumbuka asubuhi zake. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, majani ya njegere yanatiririka maji, moshi wa kuni mbichi haupandi, unatambaa chini na kuwatoa watu machozi. Mimi nilichota maji, nikapalilia viazi, nikamenya mahindi. Kutoka msituni ilikuja sauti ya msumeno mrefu wa kuvutana, ambao mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwingine shimoni. Aliyesimama juu alikuwa baba. Alikuwa mpasuaji mbao, na mabega yake hayakupita mlangoni bila kugeuka kidogo. Akiwa amekunywa ulanzi, pombe ya mianzi, ule mchanga na mtamu, aliimba vizuri kuliko mtu yeyote pale kilimani. Akinywa ule uliolala na kukomaa, alipiga.

Mama alijua ni upi aliokunywa kwa kusikiliza wimbo ukikaribia njiani. Wimbo ukiwa na maneno, alitenga chakula. Ukiwa wa kuguna tu, alivua hereni zake na kuzifunga kwenye pindo la kanga, kwa sababu sikio lake moja lilikuwa limekwisha kuchanika. Nikiwa mtoto nilijifunza kuangalia masikio ya mama kama vile wengine wanavyoangalia mawingu.

Na kulikuwa na sheria ya kuku. Nadhani nawe umekulia kwenye nyumba yenye sheria kama hiyo. Paja na kifua ni vya mgeni na mwenye nyumba, shingo na mabawa ni ya mama, kichwa na miguu ni vya watoto. Firigisi ni ya baba. Mwanamke alipika firigisi maisha yake yote bila kuitia mdomoni. Mwaka mmoja paka wetu aliiba firigisi kutoka kwenye sufuria. Baba alimshika miguu ya nyuma, akambamiza ukutani mara moja tu, akamtupa. Kisha akamgeukia mama. Mkono wa kushoto wa mama ulipona ukiwa umepinda, na hadi leo haunyooki.

Dada yangu aliyaona hayo yote kabla yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alikwenda chuo cha ualimu Iringa mjini, na siwezi kumnyima baba haki yake: mbao alizopasua kwa mikono ile ile ndizo zilizomsomesha. Siku ya mahafali baba alikwenda peke yake, amevaa koti la kuazima, akarudi na dada juu ya lori la mbao, amesimama, anaimba wimbo wenye maneno. Alialika kilima kizima kwa Jumamosi. Alichinja mbuzi. Mdondo ulikuwa umepita na kuua kuku wote isipokuwa jogoo mmoja mkali aliyekuwa akiturukia machoni tukienda kufagia, na baba akasema huyo ndiye wa meza kuu.

Asubuhi ya Jumamosi tulimkamata jogoo yule kwa shida. Alimchana dada mkono mpaka damu ikamwagika kwenye unga. Mama alimkanyaga mabawa, akamchinja, na hata baada ya kichwa kutoka mwili ulikimbia mpaka chini ya mianzi. Tulipokuwa tunamnyonyoa, dada alisema kwa sauti ya chini, "Mama, nimepangiwa shule Chunya. Kuna nyumba ya mwalimu. Twende wote, na huyu mdogo."

"Niende huko nikawe nani?" mama akauliza. "Mimi ni mke wa mtu."

"Utakuwa mama wa Mwalimu. Atakuua huyu, mama. Mimi nikiwa mbali atakuua, na nitapata habari baada ya maziko."

Mama alikuwa ameshika firigisi. Aliipasua katikati, akatoa vijiwe, akamenya ile ngozi ya njano ya ndani, akaiosha maji mengi kama mtu anayeosha kidonda.

Mchana jua lilitoka na watu wakajaa. Wanawake walikuwa kwenye mafiga kando ya jiko, na bibi, mama yake baba, alisimamia sufuria kubwa la ugali na mwiko mrefu kama jembe. Wanaume walikaa mbele na mitungi ya ulanzi. Dada alikaa meza kuu na wenzake wawili wa chuoni, amevaa gauni jeupe.

"Kamwene, Mwalimu!" jirani yetu mwenye mianzi alimsalimu kwa kuinama chini sana. "Leo naogopa hata kukohoa, nisije nikasahihishwa."

"Mimi nimezaa mwalimu!" baba akapaza sauti. "Nani mwingine hapa kilimani amezaa mwalimu?"

"Umezaa wewe?" jirani akasema. "Uchungu ulikushika saa ngapi, mnyalukolo, ndugu yangu?"

Watu walicheka, hata baba. Lakini nilikuwa nimepita karibu na mtungi wake, na harufu yake ilikuwa kali. Ulikuwa ule uliolala.

Mama ndiye aliyepakua. Mimi nilikuwa nabeba sahani. Nilipoingia jikoni kuchukua ya dada, nilimkuta mama anavua hereni. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akalikaza fundo kwa meno. Wimbo hakuwa ameusikia, na ngumi ilikuwa haijainuliwa. Kisha akaichukua firigisi kwa vidole na kuiweka juu ya wali wa dada, katikati kabisa.

"Hii ya Mwalimu," akasema. "Pita mbele ya baba yako. Usizunguke."

Nilipita mbele ya baba. Mchuzi ulimwagika ukanichoma kidole.

Baba aligeuza nyama zake kwa kidole. Paja lilikuwepo, kifua kilikuwepo. "Firigisi yangu iko wapi?"

"Pengine jogoo wako alikuwa askari," jirani akasema, "ameiacha vitani."

Walicheka tena. Safari hii baba hakucheka.

"Iko kwangu, baba," dada akasema.

"Nani kakupa?"

"Mama."

"Ilete."

Dada alimtazama mama, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono uliopinda ameuficha nyuma. Mama aliinua kidevu kidogo tu. Dada akaichukua firigisi na kuitia mdomoni.

Sasa ujue, jogoo yule alikuwa mzee. Firigisi yake haikuwa ya kumezwa. Dada alitafuna, akatafuna, shavu likivimba upande mmoja na kuhamia upande mwingine, machozi yakimtoka, na kilima kizima kikingoja. Sijawahi kuona mtu akila kwa kazi ngumu kiasi kile. Alipomeza, shingo yake ilipanda na kushuka, na mmoja wa wenzake akamsogezea maji.

Baba alisimama. Nilidhani atampiga dada, lakini alimpita kama hakumwona. Alimfuata mama. Alichomoa kuni kutoka kwenye mafiga ikiwa bado inawaka ncha, akampiga nayo mdomoni. Sauti ilikuwa kama ya bua la mahindi linapovunjwa. Cheche ziliruka, damu ikatapakaa juu ya wali uliokuwa haujagawiwa. Mama alianguka kwa magoti, lakini hakulia. Baba akainua mara ya pili.

Dada alimrukia mgongoni. Baba alimtikisa, akamtupa juu ya meza ya vyombo, na gauni jeupe likapasuka toka bega hadi kiuno. Wanaume walikuwa wamesimama wakisema, "Basi, mzee. Basi, inatosha," kwa sauti ile ya watu ambao hawana nia ya kusogea. Walisema hivyo siku zote.

Aliyesogea ni bibi. Aliuchomoa mwiko kutoka kwenye ugali uliokuwa unatokota, na ugali umeshikamana nao, akampiga mwanawe usoni kwa nguvu zake zote. Ugali wa moto hauteremki kama maji. Unakaa. Baba alipiga yowe ambalo sikujua kama linaweza kutoka kwa mtu wa mabega yale, akadondosha kuni, akajikwangua shavu na ngozi ikafuata vidole. Hapo wanawake wote wakamwangukia kwa miiko, kwa mchi, kwa vifuniko vya masufuria. Wengine walikuwa na yao ya moyoni ambayo hayakumhusu baba, nayo waliyatoa pale pale juu yake. Nilisikia mbavu zikivunjika. Nilisikia mwanamke akihesabu majina ya watoto wake waliotoka kabla ya wakati kwa kipigo, jina moja kila pigo.

"Msimuue!" bibi akalia. "Ni wangu mimi! Mfungeni."

Walimfunga kwenye kigingi alichofungiwa mbuzi asubuhi, kwa kamba ile ile ya mbuzi. Kisha bibi akajifuta mikono, akaja mbele. "Wageni, kaeni. Mbuzi hakufa ili tutazamane."

Na tukala. Huenda usiniamini, lakini tulikula, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva na watu walikuwa wametoka mbali. Bibi mwenyewe alipakua sahani ya baba, akamwekea miguu ya jogoo na kichwa chake. Aliinama, akamlisha kwa mkono.

"Leo umekuwa mtoto," akamwambia. "Basi kula cha watoto. Fungua mdomo, baba."

Alifungua. Machozi yalimshuka juu ya shavu lililobabuka, na alikula mguu wa jogoo kama tulivyozoea kuula sisi, akinyonya kidole kimoja kimoja.

Mama alipita mbele ya watu, kanga ikiwa mdomoni, akaenda mpaka kwenye meza kuu. Alitemea mkononi meno yake ya mbele, akayatazama, akafunga kiganja.

"Chunya," akamuuliza dada, maneno yakivuja, "kuna maji?"

"Kuna kisima, mama."

"Basi."

Tuliondoka wiki ile ile kwa lori la mbao. Baba alikuja uso umefungwa kitambaa, mbavu zikimlazimisha kuinama upande. Hakuna aliyeweza kulipandisha sanduku la dada, basi alilipandisha yeye. Lori lilipoondoka sikusikia msumeno. Ule msumeno unahitaji watu wawili, na siku ile nadhani hakumpata wa kwenda shimoni.

Chunya tulikuta vumbi, moshi wa tumbaku na kisima cha maji ya chumvi. Mama alilala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilichukua muda kuzoea ukimya ule wa nyumba. Nilikuwa bado natazama masikio yake kila jioni, na kila jioni hereni zilikuwepo. Tukichinja kuku, firigisi ilimfikia aliye karibu na sufuria, lakini si mama. "Siijui mimi hiyo," alikuwa akisema, anachukua shingo.

Sasa baba hayupo, bibi hayupo. Nilikwenda Kilolo kwa maziko ya baba nikakuta mianzi imekatwa na mbao zinapasuliwa kwa mashine. Nilimlilia. Nilililia wimbo wake wenye maneno, harufu ya mbao mbichi kwenye shati lake, ukungu mlangoni. Hakuna mtu wa kunieleza jinsi ya kutenganisha vitu hivyo na kuni ile inayowaka, na nimeacha kujaribu. Firigisi siku hizi zinauzwa kwa kilo, zimeganda kwenye mfuko, na binti yangu anazila bila kujua kwamba zilikuwa na mwenyewe.

Pale chini ya turubai, vidole vya mama viliganda kwenye kishikizo cha hereni. Nadhani alikumbuka aliko. Akachukua firigisi moja, akaitia mdomoni, akaisukuma upande huu na upande ule kwa ulimi. Ilimshinda. Aliinyonya mchuzi, akaitoa, akaniwekea kiganjani.

"Ndiyo hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hii tu?"

Aliigeuza kidogo kwa kidole pale kiganjani mwangu, kama anaitafutia kitu kingine ndani.

"Meno ya kuitafunia niliyaacha Kilolo," akasema, na akakaza hereni yake.