Tulipoulizwa Asili

Mama alitufundisha nasaba kabla hatujajua kufunga viatu. Baada ya Alasiri alikaa barazani, hapa mtaani Kuze, akatuweka mbele yake na kuanza: fulani bin fulani bin fulani, mpaka akafika kwa yule mshona makubadhi aliyetoka Barawa, akaoa Mombasa, akakataa kurudi. Aliyekosea jina alirudishwa mwanzo. Mimi nilikuwa mzito, nikirudishwa kila siku. Binti yangu alilelewa na mama kwa kuwa mimi nilishinda mtaa wa Biashara nikipinda leso za watu, naye aliyashika majina yote akiwa bado na meno ya utoto. Wageni wakija aliitwa ayasome, na mama alivimba kichwa siku nzima.

Barawa iko Somalia. Nalisema hilo kwa sababu siku hizi ni lazima ulitaje. Nyumbani kwetu zamani ilikuwa Barawa tu, mji wa pwani kama huu wetu, na mpaka ulichorwa baadaye na watu wasiomjua hata mmoja katika majina yale. Kisha serikali ya kule ikaanguka, vita vikaja, jeshi letu likavuka kwenda kupigana, mabomu yakalipuka huku. Nilipokuja kutanabahi, serikali yangu mwenyewe ilikuwa imejifunza kunitazama upya. Vitabuni tulisoma kwamba vita huangusha wafalme na kuleta katiba. Mimi nilivijua vilipoingia ofisini, vikavuta kiti na kuanza kutuuliza maswali.

Binti yangu alipomaliza shule alipata nafasi katika chuo cha wauguzi, ng'ambo ya daraja la Makupa. Chuo kilitaka kitambulisho. Wenzake wa darasani walionyesha vyeti vya kuzaliwa, wakapewa. Yeye, kwa jinsi jina lake lilivyo, akaambiwa asubiri mahojiano mbele ya kamati. Niliingia naye. Nyuma ya meza walikuwa afisa mmoja kutoka bara na wazee wawili wa mtaa waliokula pilau ya harusi yangu.

Afisa aliuliza kwa upole kabisa, "Asili yenu ni wapi?"

Mtoto akafurahi. Wallahi alifurahi, nilimwona mgongo ukinyooka. Katika maswali yote ya dunia, hilo ndilo alilolisomea tangu utotoni. Akaanza fulani bin fulani, kwa sauti ile ile ya barazani, bila kujikwaa, mpaka mwisho: "Asili yetu Barawa."

Afisa akaweka kalamu chini. Wazee wangu wale wakakodolea macho dari.

"Barawa ya Somalia?"

"Naam," akajibu, na adabu zake zote.

Tukaambiwa twende, turudi na ushahidi zaidi. Ushahidi gani, hakuna aliyesema.

Masomo yakaanza bila yeye. Siku moja alitaka kwenda chuoni mwenyewe kuwaomba wamngojee, askari waliokuwa wakikagua watu Makupa wakamgeuza kwa kuwa hana kitambulisho. Kisiwa hiki ni kidogo, lakini sijawahi kukiona kidogo kama miezi ile. Mwishowe hata nje hakutaka kutoka. Nilimsikia chumba cha juu akienda dirishani, akirudi mlangoni, na mimi huku chini nikishona kwenye cherehani ya nyumbani. Niliichukia serikali, nikawachukia wazee wale na dari yao, kisha nikamgeukia mama, maana yeye ndiye niliyeweza kumfikia.

"Mama, nasaba yako ndiyo iliyotuponza."

"Nasaba haiponzi mtu. Tumeulizwa, tumejibu. Wataka mtoto awe mrongo?"

"Nataka awe na kitambulisho."

Chai yake ikapoa mkononi.

Mmoja wa wale wazee alipita dukani nilikofanyia kazi, akajifanya anapapasa leso. Akaninong'oneza, "Mleteni mamako. Yeye mtu mzima, kitambulisho chake cha kae, tangu ujana wake, hakuna atakayembishia. Aseme yeye ni wa hapa, basi. Lakini ile nti ya kule asiitaje."

Nilimfikishia mama maneno hayo. Zikapita siku. Asubuhi moja nikamkuta amesimama mlangoni na buibui lake, viatu miguuni.

"Twendeni," akasema.

Afisa alikuwa yule yule. Alimpa mama kiti, akauliza swali lake.

Mama aliitazama mikono yake. "Asili yetu hapa."

"Na kabla ya hapa?"

"Hakuna kabla. Sisi watu wa Kuze. Wa nyuma mimi siwajui."

Huyo ni mama yangu, aliyekuwa akiturudisha mwanzo kwa jina moja tu, anasema hawajui! Nilitaka kuipindua meza ile. Nilikaa kimya, kwa sababu afisa alikuwa anaandika, na nilitaka aandike. Njiani kurudi majirani walimsalimia mama, naye akawaitikia kwa mkono.

Kitambulisho kikatoka. Binti yangu akakibusu, akacheka, akalia. Chuo kilikubali kumpokea muhula uliofuata, tukapika biriani. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilijihisi kama niliyekuwa nimezibwa pua, nikaachiwa.

Alasiri ile mama akatoka barazani, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ile safari yetu ya ofisini. Akamwita mjukuu wake akae mbele yake kama zamani. Akaanza kwa sauti yake kamili, fulani bin fulani bin fulani. Watu walikuwa wakipita, wengine wakisimama kumpongeza mjukuu.

Binti yangu akaangalia njia, huku na huku, mkono juu ya mfuko uliokuwa na kitambulisho.

"Nyanya," akasema, "punguza sauti. Watakusikia."

Mama akaliacha jina katikati. Kisha akainuka, akamshika mkono mjukuu wake, wakaingia ndani, nami nikamsikia mama akifunga dirisha.